Gari la familia si la baba kujaribu peke yake

UKIPITA Barabara ya Ngong jijini Nairobi Jumamosi yoyote asubuhi, hutakosa kumwona. Ni baba wa makamo, ameshika funguo zisizo zake, anazunguka gari katika mojawapo ya yadi zilizopanga magari kutoka Japani kama sufuria sokoni. Atapiga tairi teke, atafungua boneti na kuitazama injini kwa uso wa mtu anayeelewa, kisha ataketi kwenye usukani na kwenda nalo hadi mzunguko wa karibu na kurudi. Dakika 10 hazijaisha, amekwisha kuridhika. Mkewe atalijua gari hilo siku litakapoegeshwa nje ya nyumba, na mama yake mzazi atalijua siku atakaposhindwa kulipanda.

Kwa gari dogo la mtu kwenda kazini na kurudi, pengine mtindo huo hauna madhara makubwa. Lakini siku hizi familia nyingi za mjini zinasaka magari ya safu tatu za viti, yale yanayobeba watu 7 au 8: Toyota Noah na pacha wake Voxy, Sienta, Nissan Serena, Honda Stepwgn na mengineyo ya jamii hiyo. Hayo si magari ya dereva. Ni kama sebule iliyowekewa magurudumu, na anayepaswa kuijaribu ni kila atakayekaa ndani yake. Bei nayo si ya mzaha. Noah la miaka ya karibuni lililotoka Japani huuzwa kwa zaidi ya Sh2 milioni, na kwa mfanyakazi wa kawaida fedha hizo aghalabu huwa ni mkopo wa chama cha ushirika utakaokatwa kwenye mshahara kwa miaka.

Nyumbani kwetu tuko watu 7: mimi na mke wangu, watoto watatu, msaidizi wetu wa nyumbani ambaye watoto humwita Anti, na mama yangu, ambaye amekuwa akiishi nasi tangu magoti yalipoanza kumsumbua na daktari akataka kumwona kliniki kila mwezi. Gari letu dogo ni la watu 5. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Jumapili tukienda kanisani, wawili hupanda matatu. Desemba tukienda Kisii, mke wangu na mtoto mmoja hutangulia kwa basi. Wapo wanaoona heri kusongamana, mtoto huyu apakatwe na yule asimame katikati ya viti. Mbali na kuwa ni kuvunja sheria ya trafiki, mtoto aliyepakatwa hana mshipi wa usalama, na breki moja ya ghafla yatosha kumpokonya mikononi mwa aliyempakata.

Haja ya gari la namna hii si ngeni. Walio na umri wa kukumbuka miaka ya 1980 na 1990 wanalijua Peugeot 504, lile refu la safu tatu za viti, lililobeba familia za wenye nacho na pia likabeba abiria wa masafa marefu. Mwaka 1982 Nissan ilitoa Prairie, gari fupi lenye milango ya nyuma ya kusukuma kando, na huko Marekani kampuni ya Chrysler ikaanza kuziuzia familia magari ya aina hiyo kwa modeli za mwaka 1984. Noah lilianza mwaka 1996 likiitwa LiteAce Noah na TownAce Noah, kisha mwaka 2001 likabaki na jina lake pekee na kupata pacha wake. Arusha na Moshi nchini Tanzania, magari hayo yamebeba abiria miaka na mikaka, jambo ambalo kwa mnunuzi wa Kenya ni habari njema: fundi anayeyajua na vipuri vyake si vya kutafutwa kwa tochi.

Tulifika yadi saa tatu asubuhi, watu wote 7.

“Mzee, hii yote ni familia ama mnaenda harusi?” muuzaji akauliza akicheka.

“Ni familia,” mke wangu akamjibu, “na ndiyo itakayolilipa.”

Jana yake nilikuwa nimempigia simu nikamwomba asiliwashe gari kabla hatujafika. Injini iliyokwisha kupata moto huficha mengi: moshi wa kwanza, ugumu wa kuwaka, mlio wa cheni. Kwa hivyo jambo la kwanza lilikuwa kuweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi. Niliuliza pia endapo tutagonga, bima ni ya nani, kwani gari lilikuwa na namba za KD, zile za wafanyabiashara wa magari. Muuzaji alionyesha karatasi. Usione haya kuuliza. Halafu tulilitia petroli ya Sh1,000, maana magari ya yadi huwekewa mafuta ya kufika langoni tu, na mtu hawezi kupima gari akiwa na wasiwasi wa kuzimikiwa njiani.

Tulipoliwasha, sauti ya mwanamke ilitusalimu kwa Kijapani. Watoto wakaitikia “Salama!” na Mama akataka kujua mgeni huyo anasema nini. Mara nyingi huwa ni kidude cha kulipia barabara za Japani kinachonung’unika kwamba hakijatiwa kadi. Redio nayo ilikuwa nusu kiziwi. Masafa ya FM ya Japani huanzia 76 na kuishia 90 au 95, ilhali idhaa zetu nyingi ziko juu ya hapo. Yote mawili hurekebishika kwa fundi wa redio, lakini yaingize kwenye mazungumzo ya bei.

Mama ndiye aliyetangulia kupanda. Katika gari letu dogo hulazimika kujishusha kama anayeketi kwenye kigoda, na kutoka ni shughuli ya watu wawili kumvuta. Hapa mlango ulijisukuma kando wenyewe kwa kubonyezwa kidude, ukaacha nafasi pana, na sakafu ilikuwa chini ya goti la mtu mzima. Alivua viatu kwanza, kana kwamba anaingia nyumba ya watu. Akashika mpini ulio kwenye nguzo ya mlango, akapanda kwa hatua moja bila kusaidiwa. Gari hilo lilikuwa la viti 7, yaani safu ya katikati ina viti viwili tu vilivyoachana, kila kimoja na mikono yake ya kuegemea. Mama aliegemea, akatutazama sisi tuliokuwa bado nje, akasema, “Mimi sitoki.”

Milango hii ya kusukuma ina faida ambayo mkazi wa Nairobi ataiona mara moja. Haipanuki nje, kwa hivyo haigongi gari lililoegeshwa karibu wala haimwangushi mwendesha bodaboda anayepenya katikati ya msongamano. Lakini ina hila yake. Kwa kuwa nchini tunaendesha upande wa kushoto, mlango wa kulia hufungukia katikati ya barabara, na mtoto akiteremka humo anateremkia magari. Kwenye ukingo wa mlango mna kidude cha kuufunga usifunguliwe kutoka ndani. Tulikitafuta na kukijaribu. Tuliujaribu pia mlango wenyewe kwa kuuzuia na gazeti lililokunjwa. Ukagusa, ukasita, ukarudi. Afadhali gazeti kuliko kidole cha mtoto.

Kiti cha kitinda mimba, ambaye ana miaka miwili, tulikibeba kutoka nyumbani. Magari mengi ya karibuni yana vishikizo vya ISOFIX vilivyofichika kwenye mshono wa viti vya katikati, na kiti cha mtoto chenye ndoano zake hunasa humo bila kuhangaika na mshipi. Chetu kilinasa vyema. Wenye watoto wachanga wanaolazwa wakitazama nyuma wasithubutu kuwaweka kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa. Mfuko huo ukifumuka humpiga mtoto kwa nguvu za kuua.

Ndipo tukafika safu ya tatu, na tabasamu zikaanza kupungua. Huko waliketi kifungua mimba wetu wa miaka 13, mdogo wake wa miaka 9, na Anti katikati yao. Kwenye karatasi viti ni vitatu, lakini makalio hayajui kusoma. Kijana magoti yake yaligusa kiti cha nyanyake. Anti alikuwa ameketi bega moja mbele, jingine nyuma, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho upande upande. Nilimuuliza kama yu sawa. Akasema yu sawa kabisa. Mke wangu hakusema neno. Aliteremka kutoka mbele, akamwambia Anti wabadilishane, na safari ikaanza yeye akiwa nyuma. Msaidizi wa nyumbani akiulizwa mbele ya waajiri wake kama kiti kinamtosha, atajibu nini kingine?

Tuliwataka pia wavute juu vile vito vya kuegemeza kichwa, ambavyo kwenye magari ya yadi huwa vimeshindiliwa chini au havipo kabisa. Nyuma ya vichwa vya wanaokaa huko pana nafasi ndogo mno kabla ya kufika kwenye kioo. Likigongwa kwa nyuma, wao ndio wa kwanza. Tangu siku hiyo msimamo wangu ni kwamba mtoto mdogo akae safu ya katikati, na kama kuna safu ya kukaliwa na mtu mzima mwenye afya yake, ni ile ya mwisho.

Tuliondoka kwa Barabara ya Ngong kuelekea Karen, lakini kwanza tuliingia katika mtaa mmoja wenye matuta, kwa makusudi. Noah lina tumbo lililo karibu na ardhi. Nafasi iliyopo haitimii shubiri. Likiwa tupu linapita. Likiwa na watu 7, kwenye tuta la tatu, lile ambalo bila shaka lilijengwa na wakazi wenyewe usiku, tulisikia mkwaruzo ulionipanda mpaka kwenye meno. Muuzaji, aliyekuwa akitufuata kwa gari jingine, alitutuliza baadaye kwamba watatuwekea vipande vya kuinua springi. Wengi hufanya hivyo. Mimi sikufurahi, kwani gari refu la kwenda juu ukiliinua zaidi huyumba zaidi kwenye kona, na taa zake za mbele huanza kuwamulika machoni wanaokuja. Heri kulipitisha gari pole pole, pembe moja kwanza, na kuuliza hali ya shokamzoba.

Kwenye lami hakukuwa na la kulalamikia. Giaboksi ya magari haya haibadilishi gia kwa kuruka. Hutumia mkanda wa chuma unaoteleza kutoka mwendo hadi mwendo. Ukikanyaga mafuta, injini hupandisha sauti na kubaki hapo hapo mpaka gari liifikie. Asiyezoea hudhani imeharibika. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni gari kutetemeka likianza kuondoka, au mlio mwembamba kama wa mbu unaoongezeka kadiri ya mwendo. Na uliza oili gani ilitiwa humo, kwa maana giaboksi hizi zina oili yake maalumu, na fundi wa kubahatisha akitia ile ya giaboksi za kawaida huiua.

Mlima tuliutafuta mjini Ngong, kwenye barabara inayopanda vilima kuelekea kwenye mashini za umeme wa upepo. Hapo ndipo watu 7 wanapohesabiwa na injini. Gari lilipanda, kwa kelele lakini bila kukata tamaa, na mshale wa joto ukakaa mahali pake. Katikati ya mlima tulisimama, tukaondoka tena. Hilo lifanye wewe pia, kwa sababu mteremko wa Mai Mahiu hautakupa nafasi ya kujifunza breki zako. Tatizo lilizuka nyuma. Mtoto wa pili alianza kunyamaza, na mzazi anajua mtoto wa miaka 9 akinyamaza garini maana yake nini. Safu ya mwisho huyumba kuliko nyingine zote na hewa ya kiyoyozi hufika kwa kuchelewa. Tulimwelekezea tundu la hewa lililo darini, tukasimama dakika 5, rangi ikamrudia.

Aliyedhani usumbufu utakuwa kuliegesha gari kubwa kama hili ameponea. Noah la kizazi kilichoanza mwaka 2014 halifiki mita 4.7 kwa urefu wala mita 1.7 kwa upana. Sheria za Japani huweka magari ya vipimo hivyo katika daraja la magari madogo, na Wajapani wenyewe wana vichochoro. Linaingia katika maegesho ya nyumba za ghorofa bila ugomvi na jirani.

Mizigo je? Tulikuwa tumebeba masanduku mawili na gunia tulilolijaza mablanketi, badala ya mikungu ya ndizi ambayo hatujawahi kurudi kutoka Kisii bila hiyo. Viti vyote vikiwa vimekaliwa, nyuma hubaki nafasi ya masanduku kusimama wima kama abiria wa matatu za zamani. Gunia halikuingia. Viti vya safu ya mwisho hukunjwa na kuning’inizwa ubavuni, na hapo nafasi ya mizigo inakuwa ya kutosha hata kuhamia nyumba. Lakini ukivikunja umepoteza watu watatu. Hili ndilo ambalo yule baba wa dakika 10 hawezi kuliona: gari linabeba watu 7 na linabeba mizigo ya Krismasi, ila si kwa siku moja. Itabidi uongeze gharama ya keria ya juu.

Sienta tulilitazama papo hapo. Ni dogo, injini yake ni ya sisi 1,496, na bei yake ni nafuu. Safu yake ya tatu hujikunja na kuingia chini ya viti vya katikati kwa ustadi wa kupendeza. Lakini huko nyuma ni mahali pa watoto wawili wa shule ya msingi, basi. Kuhusu Wish, lililopendwa sana na Wakenya, Toyota iliacha kulitengeneza mwaka 2017. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hivyo utakaloliona likiuzwa ni lile ambalo limekwisha kula matuta yetu.

Muuzaji alitusifia Noah la haibridi, linalosaidiwa na mota ya umeme. Vipimo vya Japani vililipa kilomita 23.8 kwa lita, dhidi ya 16 za lile la petroli tupu. Vipimo hivyo havikufanyiwa Nairobi mtu akiwa na familia nzima na kiyoyozi. Hata hivyo katika msongamano, ambapo gari la kawaida hunguruma bure, la haibridi huzima injini na kusukumwa na umeme, na akiba hiyo ni ya kweli. Sharti tu betri yake kubwa, iliyo chini ya viti vya mbele, ipimwe kwa kompyuta kabla ya kulipa. Kuibadilisha si kazi ya fedha za mfukoni.

Karatasi mke wangu ndiye aliyezidai. Alitaka cheti cha ukaguzi kilichotolewa kabla ya gari kusafirishwa kuja Kenya, na ile karatasi ya mnada wa Japani inayoonyesha alama za gari na kilomita zake. Alama ya 4 au 4.5 ni ya kufurahisha. Herufi R humaanisha liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Alilinganisha kilomita hizo na zile za kwenye dashibodi. Kwa gari lililokwisha kutumiwa nchini, mmiliki wake halisi hutafutwa kwa NTSA kupitia mtandao wa eCitizen, na ni busara kufanya hivyo kabla ya hata kuuliza bei ya mwisho. Jambo jingine: wanaodhani watarudisha fedha kwa kubeba abiria kwenda mashambani Desemba wakumbuke kwamba bima ya gari la kibinafsi haimlipi mtu aliyebeba abiria wa nauli.

Nyumbani jioni, mke wangu alichukua daftari la mtoto akahesabu ni siku ngapi kwa mwaka sote 7 tunasafiri pamoja. Kanisani Jumapili 52. Kisii mara mbili. Kliniki ya Mama ni mara 12, lakini huko huenda na mtu mmoja tu. Je, si nafuu kukodi gari la Krismasi na kuendelea kupanda matatu Jumapili? Kwa fedha, ni nafuu, na kwa mwenye karo ya mtoto anayeingia sekondari si swali la kupuuza. Lakini hesabu hiyo haina safu ya kuandika jinsi Mama alivyopanda bila kushikwa.

Mvutano uliobaki ni huu. Noah la viti 8 lina kiti kirefu katikati badala ya vile viwili vya kuachana, kwa hivyo wangekaa watatu katikati na wawili tu nyuma, na Anti angepata bega lake. Mama naye angepoteza mkono mmoja wa kuegemea na ile njia ya katikati. Muuzaji anasema la viti 8 litawasili kutoka Mombasa wiki hii. Tumemwambia tutakuja Jumamosi tukiwa na fundi wetu, na asiliwashe. Mama amekwisha kutenga mto atakaokuja nao, na amesema safari hii atajaribu kuketi upande wa kulia.